Aproni ya Risasi

Kila robo mwaka naivua kifuani
beji hii nyepesi kama kifuniko cha soda,
naitia bahasha, naandika "Arusha",
na huko wanasoma ndani yake
kile ambacho mwili wangu haujui kukisoma.

Miaka tisa. Chumba kile kile nyuma ya maabara,
mlango mzito, taa nyekundu, feni inayolalamika.
"Vuta pumzi. Ibane. Usitikisike."
Tayari. Haikuuma, wala haikunuka,
na watu hunitazama kama niliyewaibia kitu.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanamvua wa Barabara ya Kumi na Nne,
hufua sare yangu kwenye beseni la peke yake.
"Mwanga usioonekana," husema, "huo ni mwanga gani?"
Na Tanga hii, neno hilo lina mlango wa mbele na wa uani.
Sicheki. Hata mimi nisingemfungulia
mgeni asiye na kivuli.

Namwambia: mama, ukuta huu wa matumbawe,
mchanga wa uani, mbaazi zinazochemka hapo jikoni,
na mbingu, usiku na mchana,
vyote vinatunyeshea manyunyu yasiyolowesha.
Mapango ya Amboni, tulikowapeleka wageni wa harusi,
miamba ile nayo inahema, kwa kiasi nisichokipima.
Picha moja ya kifua
ni kama siku kumi za kukaa tu duniani
ukipepeta mchele, ukigombana na jirani.

Naye hunijibu kama ajibuvyo kila kitu:
haba na haba hujaza kibaba.

Hapo hunyamaza.
Kwa sababu wapo mabingwa wasemao hivyo hivyo,
kila tone lina hesabu yake, hata liwe dogo vipi;
na wapo wasemao kibaba chenyewe kinavuja,
mwili hushona usiku kilichochanika mchana,
na mara chache, mara chache sana,
sindano hukosea.
Chache kiasi gani? Kwa vipimo vidogo kama hivi
jibu huzama katika maradhi ya siku zote
kama punje ya chumvi iliyoangukia gunia la chumvi.
Nani ataiokota aseme: ndiyo hii?

Jumanne alikuja binti wa Pongwe, Semeni Mhina,
kikohozi cha wiki tano.
Nikamuuliza niwaulizalo wote:
"Siku zako mara ya mwisho umeziona lini?"
Akatazama mlangoni, alikosimama shangazi yake.
Nikamfunga aproni tumboni.
Nikamwambia sentensi niliyoikariri chuoni:
kikohozi kisichojulikana kitakudhuru kuliko picha hii.
Ni kweli. Niliisema kwa sauti iliyonyooka.

Aproni ile ni ya risasi.
Lugha yetu haikuona haja ya kutenganisha:
kinachotoboa na kinachokinga, jina moja.

Alipotoka niliitundika. Kisha nikaitundua,
nikaivaa mwenyewe nyuma ya kioo,
chumba kitupu, mashine imezimwa.
Nikahesabu kwa vidole. Wiki ya saba.

Bwana Shekiondo nitamwambia kesho.
Kuna beji ya pili, huvaliwa chini ya kitovu,
kuna kiwango kilichoandikwa, kidogo mno,
ambacho kwa miaka yote tisa sijakikaribia.
Haya nayajua. Nimeyafundisha.

Leo jioni bahasha ya Arusha imerudi:
"chini ya kiwango kinachopimika."
Nikamsomea Bi Mwanamvua, akichambua kisamvu.
"Maana yake hakuna?"
"Maana yake ni kidogo kuliko jicho la kipimo."
"Basi si hakuna."
"Si hakuna, mama."

Akanitazama, si usoni, chini kidogo.
Mikono yake ikasahau majani.
"Aproni yenu hiyo," akauliza,
"kamba zake ni ndefu?"